Jogoo Kati Yangu na Mkwe

Nyie wenzangu wa kijiweni mmenichosha na swali la picha. Kila nikiwasha mashine ya kuchomelea, mmoja anapita na kuuliza, "Fundi, bahari iko wapi?" Wengine mmefika mbali mkasema sikwenda kokote, nilijificha Kabuku kwa shemeji nikala pilau mpaka jioni. Haya, nimekaa chini nimeandika yote. Ukimaliza kusoma mpe mwenzako, asije tena kuniuliza nikiwa na moto mkononi.

Mnakumbuka nilivyoipanga safari hii. Niliichora kwa chaki kwenye bati la geti la mteja: Mkata, Handeni, Korogwe, Muheza, Tanga mjini, halafu pwani kwa pwani mpaka Pangani, kuvuka kwa pantoni, Mkwaja, Kwamsisi, na kurudi Mkata. Duara moja, siku moja. Mteja alichukua geti lake na duara likaenda nalo, lakini mimi nilishalishika kichwani. Mlicheka mkasema pikipiki yangu haifiki hata Segera bila kusukumwa. Nikaapa mbele yenu kwamba nitazunguka na nitarudi na picha. Kuzunguka nimezunguka.

Kilichobadilisha mambo ni mke wangu Zaina. Siku mbili kabla ya safari, tukiwa tunakula, akaniuliza kama nitapita Korogwe. Nikasema nitapita. Na Pangani? Nitapita.

"Basi baba Asha, mchukue mama pale Ngombezi, umfikishe Kipumbwi kwa mama mkubwa. Mwanawe wa Mbeya anakuja wiki ijayo kumchukua akaishi naye. Mbeya si karibu. Wakiachana hivi hivi, ndiyo basi tena."

Tonge lilinikwama. Mama mkubwa Mwanaidi ni dada wa mama mkwe wangu. Wamezaliwa wawili tu, Kwedizinga, mmoja akaolewa pwani na mwingine akamfuata mume wake kwenye mkonge Ngombezi. Dada mtu miguu imemkataa, hasafiri tena isipokuwa kwa kubebwa. Kwa hiyo nilielewa uzito wa jambo. Kilichonikwamisha ni kwamba mama mkwe angepanda nyuma yangu.

Kwa ajili ya wale wa mikoa mingine mnaotucheka: kwetu mkwe wa kike ni mtu wa kuonewa haya. Humshiki mkono. Humtazami usoni. Huli naye sahani moja, wala jina lake halitoki mdomoni mwako, ndiyo maana hata humu sitaliandika. Ukiwa na neno unampa mkeo, mkeo anampa mama yake, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Miaka yote ya ndoa yangu nimezungumza na mkwe kupitia Zaina, na hatujawahi kugombana. Sasa niambieni, pikipiki unamkalisha wapi mkwe asikuguse?

Mkata hadi Ngombezi

Niliondoka baada ya swala ya alfajiri. Handeni mjini nikanywa chai na chapati mbili, Sindeni nikapunguza mwendo nipishe ng'ombe wa Wamasai, na jua lilipopanda vizuri nilikuwa navuka daraja la mto pale Korogwe. Maji yalikuwa mekundu kwa mvua za juu. Niliyatazama kwa sekunde moja nikapita, sikujua kwamba mto huo huo nitakutana nao tena mbele ya safari na utanitoa jasho.

Ngombezi, mama mkwe alikuwa ameshakaa kwenye kizingiti cha nyumba yake ya kambi, amevaa hijabu ya kijani na kanga mbili juu yake. Nilisimama mbali nikatazama chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu, akitazama mkonge ng'ambo ya barabara. Salamu inaruhusiwa.

Halafu akatoka jirani yake, mama mmoja Msambaa mwenye sauti kubwa, amebeba kikapu cha ukindu. Ndani ya kikapu kulikuwa na jogoo mwekundu, kichwa nje.

"Hii zawadi ya dada yake," akasema. "Na dawa yenu nyie Wazigua na haya zenu. Anakaa katikati. Funga!"

Tukakifunga kikapu kwa mpira wa mizigo katikati ya kiti, kikawa ukuta hasa. Mkwe akapanda nyuma yake, akakaa upande kama wakaavyo mama zetu, helmeti juu ya hijabu, mkono mmoja kwenye kikapu na mwingine ameshika chuma cha keria. Keria hiyo nimeichomelea mwenyewe, na siku hiyo nilishukuru kwamba sikuifanyia uvivu. Yule Msambaa akatusindikiza kwa kicheko mpaka barabarani.

Hatujafika mbali, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wewe jogoo, mwambie huyo mwenye pikipiki, shimo akiliona alikwepe. Asilipime kina."

Nilikaribia kuanguka kwa kucheka. Nikajibu, "Jogoo, mwambie mama nimesikia." Ndivyo tulivyopata mkalimani.

Ngombezi hadi Hale

Kipande hiki ndicho nilichokuwa nakisubiri kwa hamu. Milima ya Usambara kushoto, mkonge umejipanga mistari pande zote, lami safi. Nilisimama kupiga picha ya milima. Nikasimama tena kupiga picha ya mkonge. Mkwe hakuteremka. Alikaa juu ya pikipiki akimwambia jogoo kwamba mkonge wameukata miaka ishirini yeye na marehemu mume wake, na hawakuwahi kuona mtu mwenye akili timamu akiupiga picha.

Karibu na Hale tukasimamishwa na trafiki. Askari kijana, si mtu wa huku kwa matamshi yake. Akatutazama, akatazama jogoo.

"Huyu mama ni nani wako?"

"Ni mama."

"Mama yako mzazi?"

"Hapana, afande. Ni mama tu."

"Anaitwa nani?"

Ningemwambiaje? Jina la mkwe, tena mbele yake mwenyewe! Nikatazama chini. Afande akamgeukia mkwe.

"Mama, unamfahamu huyu?"

Mkwe naye akatazama chini, akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga. "Namfahamu," akasema kwa sauti ndogo.

"Mbona hamtazamani? Mbona anaogopa kukutaja? Mama, umechukuliwa kwa nguvu? Sema usiogope, mimi nipo."

Nikatakiwa kuteremka, nikanyang'anywa ufunguo, nikapelekwa ng'ambo ya barabara kuhojiwa peke yangu. Nilieleza habari za mila mpaka koo likakauka, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunishuku. Nikakasirika kabisa. Nimelipa kila kinachotakiwa, taa zinawaka, helmeti mbili, halafu nashikwa kwa kumheshimu mkwe!

Nikiwa huko niliona mkwe amepokea simu. Ile simu yake ndogo ya vitufe. Alisikiliza, akasema maneno machache, kisha akaitazama simu kwa muda na kuibonyeza bonyeza. Ilikuwa imeisha chaji. Sikujua nani kapiga wala kasema nini, na mtu haulizi simu ya mkwe.

Aliyetuokoa ni askari mtu mzima aliyekuja na gari lao. Aliteremka, akatazama mimi nilivyoinamisha kichwa huku, mkwe alivyojifunika kule, na kikapu katikati ya kiti, akashika tumbo kwa kucheka.

"Mwachie! Huyo ni mkwe wake. Ungemlazimisha ataje jina angekufia hapa." Kisha akaniuliza kwa Kizigua nyumbani ni wapi, na nikajua nimepona. Yule kijana aliomba radhi na kumshikia mkwe pikipiki apande vizuri.

Hale hadi Muheza

Tangu hapo mkwe alibadilika. Nikisimama, anagonga gonga kikapu. "Jogoo, milima haina miguu. Kesho itakuwepo." Nikapunguza mwendo nipige picha ya daraja la reli, akasema, "Jogoo, wenzetu wakiwa na safari husafiri." Mimi nikaona ni yale yale mazungumzo yetu, utani wa njiani, nikacheka na kumjibu jogoo. Akaacha kugonga kikapu. Nilidhani amechoka.

Muheza nikasimama nipate chai, maana kwenye duara langu la chaki Muheza ilikuwa kituo cha chai na machungwa. Nikamtafutia mkwe benchi ndani kwa mama ntilie mmoja wa Kibondei, mimi nikakaa nje kama inavyotakiwa. Nikaletewa mihogo ya kukaanga na chachandu. Nilikuwa nimeshakula nusu ndipo yule mama ntilie akatoka na mwiko mkononi, akasimama mbele yangu.

"Wewe baba, mihogo inashuka?"

"Inashuka, mama. Mitamu."

"Inashuka! Mkweo analia humo ndani na wewe inakushuka! Dada yake anaondoka leo. Leo! Mwanawe kafika jana, kasema kazi imemwita mapema, wakishaswali adhuhuri wanawasha gari. Mama wa watu kapigiwa simu huko Hale, tangu hapo anazungumza na kuku!"

Nilisimama na muhogo mkononi. Kumbe ile simu. Kumbe "wenzetu husafiri". Mkwe hamwamuru mkwe. Hamwambii endesha haraka, wala hamwekei shida zake mbele yake. Angemwambia Zaina, na Zaina alikuwa Mkata na simu ya mkwe imezima. Akabaki na jogoo. Mimi nilikuwa napiga picha za reli, na mtu nyuma yangu anamkosa dada yake kilomita kwa kilomita. Niliona aibu nikatamani ardhi inimeze. Halafu aibu ikageuka kitu kingine, ile hali yangu mnayoijua ya bati likikataa kushika: sitoki hapo mpaka lishike.

Nikaita kwa mlangoni, uso nimeuelekeza barabarani. "Jogoo, mwambie mama tutafika."

Nilimpigia Zaina, akanipa namba ya huyo kaka yake wa Mbeya. Haikupatikana. Pwani ile mtandao unakuja na kuondoka. Nikamuuliza mama ntilie njia fupi ya Pangani bila kupita Tanga mjini. Akaonyesha kwa mwiko: ipo ya vumbi, inapita Boza. Tanga mjini nikaifuta hapo hapo, na forodhani yake, na picha zake. Mama ntilie akanikataza kulipia chai ya mkwe, akatufungia machungwa kwenye mfuko, akasema tukichelewa tusirudi kwake.

Muheza hadi Pangani

Sikumbuki mandhari ya njia hii. Nakumbuka vumbi, minazi ikianza kutokea moja moja, na mashimo yaliyoshiba maji ya mvua. Niliendesha kwa nguvu lakini kwa akili, kwa sababu nyuma nilikuwa na mama wa watu. Nilimsikia tu akisoma dua, sauti ikikatika kila tukigonga tuta.

Kwenye kilima kimoja mnyororo ukatoka. Nikateremka, nikaurudisha kwa mikono mitupu huku nikiutukana kimoyomoyo. Nilipoinuka, nikakuta kipande cha kanga kimewekwa juu ya kiti changu, cha kufutia mikono. Mkwe alikuwa anatazama minazi. Nikafuta, nikakirudisha juu ya kikapu, tukaondoka.

Adhana ya adhuhuri ilitukuta hatujaingia mjini. Nilisikia mkwe akivuta pumzi ndefu.

Pangani tukateremka mpaka mtoni, na hapo moyo ukaniishia. Foleni ya malori, watu wamekaa juu ya mizigo, pantoni imesimama ng'ambo ya pili, upande wa Bweni, mafundi wameinama juu ya injini. Daraja jipya mbele yake bado wanalijenga. Nikamuuliza dereva wa lori. Akasema imeharibika tangu asubuhi, wanasema inapona sasa hivi, na wamesema hivyo mara nyingi.

Niliwatukana mafundi wale wote kwa lugha ambayo mkwe hakupaswa kuisikia. Ule ulikuwa ni ule ule mto wa Korogwe, ulionipitisha darajani asubuhi bila hata salamu. Sasa umepanuka, umetulia, unanitazama.

Hapo simu yangu ikaita. Ni kaka wa Mbeya, kaona nilimtafuta.

"Sisi tumekwama Bweni, pantoni mbovu," akasema. "Mama tumempakia kwenye gari kabla ya adhuhuri ili tuwahi. Nyie mmefika wapi?"

Nikageuka nikatazama ng'ambo. "Mko Bweni? Tupo Pangani! Tupo hapa kwenye maji!"

Nikawaza, kumbe injini niliyoitukana ndiyo iliyomshika mama mkubwa asiondoke. Nikaomba radhi kwa mafundi kimoyomoyo. Lakini yule kaka akaendelea: ana zamu ya kazi, hawezi kulala njiani mara mbili, dereva ameshawasha anageuza waondoke kwa njia ya Mkwaja.

"Msigeuze!" nilipiga kelele mpaka watu wa foleni wakageuka. "Mama anavuka sasa hivi. Msigeuze!"

"Fanyeni haraka," akasema, na mtandao ukakata.

Mtoni

Boti ndogo za kuvusha watu zipo. Tatizo ni kwamba maji yalikuwa yamekupwa. Boti ilisimama mbali kidogo, na kati yake na sisi kulikuwa na tope la magotini na maji juu yake. Vijana wawili wa kazi hiyo walikuwa wanabeba akina mama mgongoni mpaka kwenye boti. Mmoja akaja kwa mkwe, akageuza mgongo na kuinama.

Mkwe akarudi nyuma. "Mimi sibebwi na mwanamume nisiyemjua."

"Bibi, utatembea humo?"

Alijaribu. Hatua ya pili, ukingoni tu, kiatu kikabaki kwenye tope na yeye akayumba, nikanyoosha mikono kumdaka na kuirudisha katikati ya hewa. Yule mwenye boti akapaza sauti kwamba anaondoka. Ng'ambo niliona gari jeupe limejitenga na foleni, linarudi nyuma ligeuze.

Tulisimama hapo, mimi na mkwe, na kikapu mkononi mwangu. Ningesema nini? Jambo lenyewe halina mahali pa kulianzia. Watu wa foleni wote wanatutazama, na mimi nahesabiwa mtu mwenye adabu zangu.

Mkwe akamtazama jogoo. Macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti haikutetemeka.

"Jogoo, mwambie mwanangu ainame."

Hajawahi kuniita hivyo. Nilikuwa baba Asha, nilikuwa mwenye pikipiki, nilikuwa yule. Nilimkabidhi kijana kikapu, nikavua viatu, nikaingia kwenye tope, nikakichomoa kiatu cha mkwe nikamtupia kijana, nikampa mkwe mgongo na kuinama. Akapanda. Ni mwepesi, jamani. Mtu aliyekata mkonge miaka ishirini, mwepesi namna ile.

Sasa sikilizeni habari ya picha. Nilipoinama, simu ilikuwa mfuko wa shati. Ikateleza ikatoka, ikatua kwenye maji mbele yangu, nikaiona ikielea kidogo kabla ya kuzama. Ningeweza kuidaka kama ningeachia mguu mmoja wa mkwe. Sikuachia. Milima ya Usambara, mkonge, daraja la reli, vyote vipo chini ya mto Pangani, anayevitaka akazamie.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame!" mwenye boti akanitania nilipomfikisha. Nilikuwa nalia, na nilishukuru kwamba nimelowa.

Upande wa Bweni mchanga ni mgumu, mkwe aliteremka mwenyewe. Gari lilikuwa limeshageuka, linapanda. Nikalikimbilia miguu mitupu, tope mpaka mapajani, nikipunga kiatu kimoja cha mkwe. Mama mkubwa ndiye aliyeniona kwenye kioo. Nilisikia sauti yake kabla gari halijasimama.

"Simamisha! Hicho kiatu ni cha mdogo wangu!"

Wale wazee wawili walishikana hapo mlangoni mwa gari, mmoja amekaa, mwingine amesimama, wakalia kama watoto. Halafu mama mkubwa akatazama nguo za mdogo wake, kavu, akatazama zangu, akaelewa.

"We! Umebebwa na mkwe?"

"Nimebebwa."

"Kwedizinga wakisikia!"

Wakaanza kucheka, wakashindwa kuacha. Kaka wa Mbeya alitaka kusema habari ya muda, akawatazama, akamwambia dereva azime gari.

Mama mkubwa alikuwa na wali wa nazi na samaki wa kukaanga kwenye bakuli la kufunika, chakula cha njia. Wakala wawili sahani moja. Nami nikapewa changu nyuma ya gari, nikala nikitazama magurudumu, maana mama mkubwa naye ni mkwe na mila haikufa yote siku moja. Machungwa ya Muheza tuligawana sote.

Walipomaliza kula, pantoni ikanguruma. Kaka wa Mbeya akaamua kuvuka nayo. Na sisi ilibidi tuvuke nao kurudi, pikipiki ilikuwa Pangani. Wale dada wawili wakapata mto mzima wa kukaa pamoja, bega kwa bega, na jogoo mapajani mwa mama mkubwa. Sikusikia walichosema. Nilikaa mbali na niliomba ile pantoni iharibike tena katikati, lakini ilikwenda vizuri tu.

Gari lilipopanda kilima cha mjini, mkono wa mama mkubwa ulikuwa nje ya dirisha mpaka kona. Mkwe alisimama pale pale muda mrefu. Nami nilisimama nyuma yake, na niliumia kwa ajili yake, maana alijua, nami nilijua, kwamba ule mkono hatauona tena.

Pangani hadi Mkata

Sasa tukawa na shida mpya. Jogoo ameondoka. Kikapu kimebaki kitupu na hatuna mkalimani. Mimi nimesimama kando ya pikipiki sijui niende njia gani. Mkwe alitoka kwake akijua atabaki kwa dada yake. Sasa hana pa kubaki. Njia ya kurudi Ngombezi ni ile tuliyojia, fupi. Duara langu liko ng'ambo ya mto. Mtu mwenye huzuni namna ile humzungushi pwani kwa ajili ya kiapo cha kijiweni. Niligeuza pikipiki kuelekea Muheza.

Nikasikia, bila jogoo, bila mtu yeyote kati yetu:

"Zaina alisema umeipanga safari hii muda mrefu."

Nilitazama tairi. "Ndiyo, mama."

"Unazunguka wapi?"

"Mkwaja, Kwamsisi, halafu Mkata."

"Basi zunguka. Mimi sikuletwa mpaka hapa ili nikurudishe nyuma."

Kwa hiyo mto ule nimeuvuka mara tatu siku moja, mara moja nikiwa na mkwe mgongoni. Watu wa pantoni walitusalimia kwa jina la utani ambalo sitaliandika.

Upande wa Mwera bahari ilijitokeza kushoto, kati ya minazi, ya buluu kweli kweli, na sikuwa na cha kuipigia picha. Niliitazama kwa macho yangu. Nilipunguza mwendo, na mkwe hakugonga kikapu. Kwenye tope la Mkwaja pikipiki ililala mara mbili, tukaiinua pamoja, yeye akisukuma keria. Kwamsisi tulikunywa soda kwenye benchi moja, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule, kikapu kitupu katikati. Baada ya hapo barabara ilikuwa mbaya na jua linashuka, na kwenye bonde moja nikasikia kikapu kinasukumwa pembeni na mkono unashika bega langu. Ulikaa hapo mpaka tulipoona taa za malori ya Mkata.

Zaina alikuwa mlangoni ametoka kuswali magharibi. Alimkuta mama yake ambaye hakumtegemea, na mume mwenye tope, bila simu. Nilimweleza kwa kifupi. Akamkumbatia mama yake, akamkalisha, kisha akafanya kazi yake ya siku zote. Akasimama katikati yetu.

"Mama, una neno gani kwa baba Asha? Niambie nimwambie."

Mkwe alikuwa anafungua hijabu. "Kaa chini wewe. Nitamwambia mwenyewe."

Zaina akakaa. Nami nikainamisha kichwa, kwa mazoea.

"Mwanangu," mkwe akasema, "kesho nirudishe Ngombezi. Kikapu kiache hapa."